Sauti Isiyo na Nasaba: Leonard Mambo Mbotela na Swali la Uungwana

Miongoni mwa maswali ambayo falsafa ya maadili katika Afrika Mashariki haijayamaliza lipo lile linalohusu asili ya uungwana: kama ni hadhi ambayo mtu huzaliwa nayo kwa sababu ya nasaba yake, au ni mwenendo anaoujenga mwenyewe mbele ya watu, ambao anaweza kuwa nao asubuhi na ukawa umempotea kabla ya jua kutua. Katika miji ya pwani, kuanzia Lamu hadi Kilwa, jibu la kale lilikuwa la nasaba. Mwungwana alikuwa mtu huru, mzaliwa wa mji, mwenye ukoo unaotajika na nyumba inayojulikana, na kinyume chake alikuwa mtumwa, ambaye hata awe mpole, mkweli na mcha Mungu kiasi gani, alihesabiwa kuwa amepungukiwa na kitu ambacho tabia njema haikuweza kukifidia. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba jibu hilo halikuvunjwa na sheria peke yake, ingawa sheria ilikuwa na sehemu yake, na kwamba mmoja wa watu waliolivunja kwa uwazi zaidi alikuwa mtangazaji wa redio ambaye wahenga wake walichukuliwa utumwani kutoka nchi za Ziwa Nyasa.

Mtangazaji huyo ni Leonard Mambo Mbotela, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1940, akalelewa Freretown, kijiji cha watu waliokombolewa utumwani, akajiunga na Sauti ya Kenya mwaka 1964, na mwaka 1966 akaanzisha kipindi cha Je, Huu ni Ungwana?, ambacho kilidumu kwa zaidi ya nusu karne. Alifariki dunia tarehe 7 Februari 2025. Masimulizi yaliyohifadhiwa na ukoo wake yanaeleza kwamba mhenga wao, Mzee Mbotela, alikamatwa katika nchi ambayo leo ni Malawi, akasafirishwa kama bidhaa kuelekea pwani, na akaokolewa baharini na manowari ya Waingereza. Msomaji wa Mbinga au wa Mbamba Bay, upande wa Tanzania wa ziwa hilo, anaweza kudhani kwamba habari hizo ni za ng'ambo, lakini mpaka unaozitenga nchi hizo ni wa juzi tu, kwa kuwa ulichorwa katika mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890, wakati ambapo watu walikuwa wamekwisha kukamatwa na kutoweka kwa miongo mingi. Wanyasa wa Liuli, wa Lituhi na wa Mbamba Bay wanashirikiana lugha, ukoo na maziko na watu wa kisiwa cha Likoma na wa mwambao wa magharibi, na maji yaliyo kati yao yamekuwa njia kwa muda mrefu zaidi kuliko yalivyokuwa mpaka.

Njia hiyo ilibeba mengi, na mojawapo ya vitu ilivyobeba ilikuwa watu waliofungwa. Mateka walivushwa kwa majahazi kutoka mwambao wa magharibi au walizungushwa kwa miguu kusini mwa ziwa, kisha misafara ikashika njia za bonde la Ruvuma hadi Kilwa Kivinje, na kutoka Kilwa wengi wakapelekwa Unguja. David Livingstone, aliyefika kwenye ziwa hilo mwezi Septemba 1859, alipata kutoka kwa Christopher Rigby, balozi wa Uingereza Unguja, hesabu ya watumwa 19,000 kutoka nchi za Nyasa peke yake waliopita kila mwaka katika forodha ya kisiwa hicho, bila kuwahesabu waliofia njiani au waliopitishwa kwa magendo. Hesabu ya namna hiyo inatisha, lakini pia inaficha jambo, kwa maana inamhesabu mtu pale alipofika na haisemi lolote juu ya mahali alipoondoka: kiti kilichobaki kitupu barazani, mama aliyeendelea kuuliza kila mpita njia, shamba lililorudi kuwa pori.

Mwanasosholojia mzaliwa wa Jamaika, Orlando Patterson, katika kitabu chake juu ya utumwa kilichotoka mwaka 1982, aliuita utumwa kifo cha kijamii. Kwa maelezo yake, kinachomfanya mtu kuwa mtumwa si kazi ngumu wala kipigo, kwa kuwa hata watu huru huweza kupata vyote viwili. Kinachomfanya mtumwa ni kukatwa kutoka kwa waliomzaa na atakaowazaa, hata asiwe na wazee wa kumtetea wala watoto walio wake kwa haki. Mtu huyo yu hai kwa mwili, lakini amekufa kwa jamii, maana hakuna anayewajibika kumlilia. Jambo hili lilidhihirika hata katika majina. Watumwa wengi wa pwani waliitwa Mabruki, Baraka, Feruzi au Farahani, majina ya heri waliyopewa watu waliokuwa katika shari, na jina ambalo mtu aliitwa na mama yake lilizikwa mwenyewe angali hai. Kwa sababu hiyo inafaa kuzingatia kwamba mtu aliyefika Freretown akiwa na jina la Mbotela, na akawarithisha watoto wake jina hilo, alikuwa ameokoa kitu kikubwa kuliko ngozi yake.

Freretown yenyewe ilikuwa kijiji cha watu waliokatwa namna hiyo. Baada ya Sultani Barghash kulazimishwa mwaka 1873 kutia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja, mkataba uliojadiliwa na Sir Bartle Frere, wamisionari wa Chama cha Kanisa cha Uingereza walianzisha makazi ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, upande wa Kisauni, kwa ajili ya watu waliokombolewa baharini, wakayapa jina la Frere. Baadhi ya wakazi wa mwanzo walitoka Bara Hindi. Hao walikuwa Waafrika waliokombolewa wakiwa watoto, wakapelekwa Bombay, wakasomeshwa na kufundishwa ufundi Nasik, kisha wakarejeshwa. Mmoja wa waliopitia Nasik alikuwa Jacob Wainwright, Myao, aliyeisindikiza maiti ya Livingstone hadi Uingereza mwaka 1874. Katika njia panda ya Kisauni bado ipo kengele ambayo ilipigwa kuwaonya wakazi pale wateka watumwa walipoonekana, na mtaa mzima unaitwa Kengeleni kwa sababu yake. Ukoo wa Mbotela ulitoa pia mwandishi: James Juma Mbotela, ambaye kitabu chake Uhuru wa Watumwa, kilichochapishwa mwaka 1934, ni miongoni mwa masimulizi marefu ya mwanzo ya Kiswahili kuandikwa kwa nathari na Mwafrika.

Kwa waungwana wa Mombasa ya zamani, watu wa Freretown hawakuwa waungwana. Walikuwa Wamisheni, watu wa kuja, wasiojulikana walikotoka. Hata hivyo dai la kwamba uungwana ni wa kuzaliwa lilikuwa limekwisha kuanza kutikisika kabla ya hapo, na waliolitikisa walikuwa wapagazi. Katika misafara ya karne ya 19 wapagazi na askari kutoka pwani, ambao wengi wao walikuwa watumwa au watoto wa watumwa, baadhi yao wakiwa Wayao na Wanyasa, walipofika bara walijiita Waungwana, wakavaa kanzu, wakasema Kiswahili, wakasimama mbele ya machifu kama watu wa mji. Na jina lao lilishika kiasi kwamba Kiswahili cha mashariki ya Kongo kiliitwa Kingwana. Mtu wa nasaba angesema kwamba hao walikuwa wanajisingizia. Lakini ikiwa hadhi inaweza kuigwa na ikatambuliwa na watu wa nchi nyingine kuwa hadhi kweli, basi sehemu yake kubwa ilikuwa katika mwenendo na katika utambuzi wa wengine tangu mwanzo, na damu ilikuwa kisingizio chake.

Jambo linalofanana na hilo lilitokea ng'ambo ya bahari nyingine. Baada ya utumwa kukomeshwa katika makoloni ya Uingereza, takriban watu nusu milioni walichukuliwa kutoka India kati ya mwaka 1838 na 1917 kwenda kufanya kazi kwa mikataba katika mashamba ya miwa ya Karibi, hasa Guyana na Trinidad, na vizazi vyao vikadharauliwa kama watu wa shambani wenye lugha isiyoeleweka. Mwaka 1947 kijana Kamaluddin Mohammed alianza kuongoza katika Redio Trinidad kipindi cha vipaji vya Wahindi wa kisiwa hicho, na kwa mara ya kwanza nyimbo zilizokuwa zikiimbwa maharusini na mashambani zikasikika katika nyumba za watu ambao hawakuwahi kukaribishwa maharusini humo. Haikutokea kwa bahati tu kwamba katika mabara mawili wajukuu wa watu waliosafirishwa kwa merikebu walipata nafasi katika redio kabla ya kuipata katika mabaraza ya wakubwa.

Sababu yake inahitaji kuelezwa, kwa kuwa ndiyo inayobeba hoja yote. Katika baraza la mji, msemaji huonekana kabla hajasikika. Watu hutazama amevaa nini, ameketi wapi, ni mtoto wa nani, na kwa kipimo hicho huamua kama wamsikilize. Redio hugeuza utaratibu huo. Sauti huingia chumbani peke yake, bila kanzu wala nasaba, na kinachobaki cha kupimwa ni lafudhi, mpangilio wa fikra, ukweli wa maneno, na jambo lile gumu kulitaja ambalo wasikilizaji huliita utulivu. Huku ni kusikia ambako dini mbili kubwa za eneo hili zimekuthamini mno: Mtume Paulo aliwaandikia Warumi kwamba chanzo cha imani ni kusikia, na Kurani, kabla ya kuwa msahafu wa kusomwa kwa macho, ilikuwa kisomo cha kusikilizwa. Mwambao wa Nyasa unalijua jambo hili kwa namna yake. William Percival Johnson, padri wa Misheni ya Vyuo Vikuu aliyefanya kazi ziwani kwa zaidi ya miaka 40 na kuzikwa Liuli mwaka 1928, alikuwa karibu kipofu kwa sehemu kubwa ya utume wake, na utume wa namna hiyo haukuweza kutegemea macho. Na Radio Maria Tanzania, ambayo sasa husikika nchi nzima, ilianzia Songea mwaka 1996, katika mkoa ule ule wa Mbinga na Liuli.

Mahali kama Mbinga panaonyesha pia kwamba kusikia kuna kazi yake. Mawimbi ya FM husafiri kwa mstari ulionyooka na huzuiwa na milima, kama ile ya Umatengo, ambako wakulima hulima kwa ngoro, yaani mashimo yaliyozungushiwa matuta yenye nyasi zilizofukiwa ili maji ya mvua yasichukue udongo, na ambayo upande wa magharibi huporomoka hadi ziwani. Mawimbi ya masafa mafupi, kwa upande wake, hupanda hadi tabaka la anga lenye chembe za umeme na kurudishwa chini mamia ya kilomita mbali, na ndiyo yaliyokuwa tegemeo la kijiji kwa miongo mingi. Mtu aliyetaka kusikia alifunga waya kutoka kwenye redio hadi kwenye tawi la mwembe, akaanika betri juani zilipochoka ili zimpe nguvu ya jioni moja zaidi, akazungusha kitufe polepole kupita mluzi na mikwaruzo mpaka sauti ikakaa. Katika kitufe hicho kimoja zilikuwamo Dar es Salaam, Blantyre, Nairobi, London na Cologne. Sauti iliyopatikana kwa taabu hiyo haikusikilizwa huku mtu akifanya jambo jingine.

Katika vipindi vya Redio Tanzania, iliyoanza mwaka 1951 kama Sauti ya Dar es Salaam na kupata jina la Redio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1965, kipo kimoja ambacho hakihesabiwi kuwa cha falsafa, nacho ni matangazo ya vifo. Mtangazaji alisoma, kwa sauti isiyopanda wala kushuka, kwamba fulani wa mahali fulani anasikitika kutangaza kifo cha fulani, kisha akafululiza majina: kaka aliyeko mgodini, shangazi aliyeolewa Kyela, mjomba wa Liuli, mtoto ambaye familia haijui yuko wapi lakini popote alipo ajulishwe. Wavuvi waliokuwa wakianika usipa juu ya vichanja waliacha mikono ikaning'inia mpaka orodha ikaisha. Ikikumbukwa kwamba utumwa ulikuwa kifo ambacho hakuna anayearifiwa, matangazo hayo yanaonekana kuwa kinyume chake kamili. Kila jina lililosomwa lilithibitisha kwamba mtu huyo ana watu, kwamba umbali haujamkata, na kwamba kifo cha ndugu yake kinamdai. Kazi hiyo ya kuunganisha tena ukoo uliotawanyika, ambayo pwani ilikuwa imezoea kuifanya kwa shajara za nasaba za mabwana, ilifanywa sasa kwa kila mtu aliyeweza kulipia tangazo.

Juu ya msingi huo wa kusikia ndipo kipindi cha Mbotela kinapoeleweka. Kwa juu juu kilikuwa kipindi cha adabu. Alieleza mwenendo wa watu mezani, ugenini, njiani, katika magari ya abiria na mahali pa kazi, akauonyesha kwa mifano ambayo kila msikilizaji aliitambua, na mwishoni hakutoa amri wala hukumu. Aliuliza kama huo ni uungwana. Wengi waliomwiga mtaani waliiga mvuto wa sauti, lakini uzito ulikuwa katika umbo la sentensi. Anayeamuru humchukulia msikilizaji kuwa mtu wa kutii. Anayehubiri humchukulia kuwa mtu wa kuelimishwa. Anayeuliza, akinyamaza baada ya kuuliza, anamkiri msikilizaji kuwa na akili ya kupima na dhamiri ya kujihukumu, na huo ndio uungwana wenyewe kwa maana yake ya msingi, yaani hali ya mtu huru. Kwa hiyo swali la Mbotela lilifanya jambo ambalo maelezo yake peke yake yasingeweza kulifanya: lilimpa msikilizaji hadhi ile ile ambayo lilikuwa likiijadili. Mkulima wa kahawa wa Litembo, kuli wa bandari ya Kilindini na mwalimu wa Nakuru waliulizwa kwa pamoja kama watu wenye uwezo sawa wa kujibu, na hakuna aliyetakiwa kwanza aonyeshe nasaba.

Uzito wa jambo hili huongezeka mtu akikumbuka ni nani aliyekuwa akiuliza. Kwa hesabu ya kale, mtoto wa Freretown alikuwa mtu wa mwisho mwenye haki ya kuwapima wengine uungwana. Lakini yeye hakudai kwamba babu zake walikuwa waungwana waliodhulumiwa, jambo ambalo lingekuwa kweli lakini lingekubali kipimo cha nasaba na kuomba tu kiti katika baraza lake. Alikihamisha kipimo. Tangu siku uungwana ulipoanza kujadiliwa kwa habari ya anayepanga foleni na anayeipita, anayetimiza miadi na anayeivunja, anayempisha mzee kiti na anayejifanya amesinzia, mtoto wa mwungwana wa Lamu na mjukuu wa mateka wa Nyasa waliingia katika mtihani mmoja, na yeyote kati yao aliweza kufeli. Sheria ilikuwa imekomesha utumwa Unguja mwaka 1897, katika pwani ya Kenya mwaka 1907 na Tanganyika mwaka 1922. Ilimwondolea mtumwa bwana, lakini haikuwa na uwezo wa kumwondolea jirani yake dharau. Dharau ni ya mwenendo, na huondoka kwa mwenendo.

Tanzania nayo ilikuwa na njia yake ya kumfanya msikilizaji kuwa mtu wa kujibu. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya vijijini, ambavyo vilisikiliza kipindi pamoja, vikasoma kijitabu, kisha vikajadili na kuamua vichimbe vyoo wapi na visafishe visima vipi. Kampeni hiyo ilikuwa ya serikali na majibu yake mengi yalikuwa yamekwisha kuandaliwa. Hata hivyo kikundi kilichozoea kuzima redio na kuanza kuzungumza kilikuwa kimejifunza kwamba neno kutoka Dar es Salaam linaweza kujadiliwa.

Mtihani mkali zaidi wa hoja hii ulikuja Jumapili ya tarehe 1 Agosti 1982. Askari wa cheo cha chini wa jeshi la anga la Kenya, wakiongozwa na Hezekiah Ochuka, walijaribu kuipindua serikali ya Rais Daniel arap Moi, na kwa kuwa walijua kwamba nchi haitaamini mapinduzi mpaka iyasikie kwa sauti inayoijua, walimfuata Mbotela nyumbani kwake alfajiri, wakampeleka studio, wakamlazimisha chini ya bunduki atangaze kwamba serikali imeangushwa. Baadaye siku hiyo hiyo, majeshi yaliyobaki na utii yalipokikomboa kituo, sauti ile ile ikatangaza kwamba serikali ya Moi ingali madarakani. Ochuka alihukumiwa na kunyongwa mwaka 1987.

Hapa kuna maswali mawili ambayo hayafai kuchanganywa. La kwanza ni la wajibu: je, mtu aliyesema uongo huku mtutu wa bunduki ukimwelekea amesema uongo? Fikihi ya Kiislamu huiita hali hiyo ikrahi, yaani shurutisho linaloondoa hiari, na aya ya 106 ya Sura An-Nahl humtoa hatiani mtu aliyelazimishwa kutamka ukafiri ilhali moyo wake umetulia katika imani. Aristotle, katika kitabu cha tatu cha Maadili ya Nikomako, alikuwa mkali zaidi kidogo: alitoa mfano wa nahodha anayetupa shehena baharini wakati wa dhoruba, akasema kwamba kitendo hicho kina hiari na kina kulazimika ndani yake, kwa maana mkono unaotupa ni wa nahodha mwenyewe ingawa hakuna mwenye akili angeitupa mali yake katika maji matulivu. Mvuvi wa Nyasa ambaye amewahi kukutwa na upepo wa kusini katikati ya ziwa anauelewa mfano huo bila kufafanuliwa. Kwa kipimo chochote kati ya hivyo viwili Mbotela hana hatia, na kutaka afe kwa ajili ya tangazo ni kumdai mtu mwingine ushujaa kwa bei ambayo mdai hailipi.

Swali la pili ndilo zito: waasi walikuwa wakimpora nini? Mwanafalsafa J. L. Austin, ambaye mihadhara yake juu ya vitendo vya usemi ilichapishwa mwaka 1962, alionyesha kwamba kuna maneno ambayo hayaelezi jambo bali hulitenda, kama kufungisha ndoa au kuweka nadhiri, na kwamba maneno hayo hubatilika yakitamkwa na asiye na mamlaka. Tangazo la mapinduzi ni la namna hiyo, kwa kuwa likiaminiwa na wengi huwa kweli, na lisipoaminiwa huwa uhaini. Waasi walikuwa na silaha na hawakuwa na mamlaka, wakadhani kwamba mamlaka yamo kooni mwa mtangazaji na yanaweza kukamuliwa. Walikosea, ijapokuwa kosa lao lilijengwa juu ya jambo la kweli. Wasikilizaji walikuwa wamempa Mbotela imani kwa miaka 18 kwa sababu hakuwahi kuwaamuru, na imani hiyo ilikuwa ya sauti iliyo huru. Sauti ile ile ilipofungwa, ilibaki na mlio wake na ikapoteza haki yake. Kwa saa chache za siku hiyo, mjukuu wa mateka wa Nyasa alirudishwa katika hali ya wahenga wake, akawa kinywa kinachotumika kwa matakwa ya mwingine. Mfano wa Unguja unasaidia kulinganisha. Katika Mapinduzi ya Januari 1964, John Okello, mzaliwa wa Lango nchini Uganda, aliyajaza mawimbi ya Sauti ya Unguja kwa vitisho na amri, na watu waliijua sauti yake kabla ya kuuona uso wake. Naye alikuwa mtu wa kuja asiye na nasaba visiwani, aliyeinuliwa na redio. Lakini yeye aliitumia kuamuru tu, hofu ilipopungua hakikubaki kitu cha kumshikilia, na kabla mwaka haujafika nusu alikuwa amekwisha kufukuzwa.

Kuna pingamizi ambalo haliwezi kupuuzwa. Inaweza kusemwa kwamba kipindi cha Mbotela kilipima uungwana wa abiria na wageni waalikwa, na kikanyamaza juu ya uungwana wa serikali iliyomwajiri, hata katika miaka ambayo watu walikuwa wakiteswa katika vyumba vya chini vya Nyumba ya Nyayo jijini Nairobi. Pingamizi hilo lina haki, kwa kuwa redio ya taifa ilikuwa na mipaka iliyojulikana, na Mbotela, aliyefanya kazi pia katika kitengo cha habari cha Rais, hakuwa mtu wa kuivunja. Tena linafichua upungufu katika hoja iliyojengwa hapo juu, kwa maana katika vyumba vile vya chini kulikuwa pia na watu waliouliza maswali usiku kucha, na maswali yao hayakumpa mtu yeyote uhuru. Kwa hiyo umbo la swali peke yake halitoshi. Kinachotofautisha swali la mtesaji na swali la mwungwana ni kwamba mtesaji hawezi kuulizwa, ilhali mwungwana anapouliza hukubali kwamba swali lile lile laweza kumrudia, kutoka kwa msikilizaji yeyote, wa mji wowote, juu ya kitendo chake chochote. Mbotela alirudishiwa lake. Katika miaka iliyofuata aliulizwa hadharani, na wanahabari ambao baadhi yao walikuwa hawajazaliwa mwaka 1982, juu ya asubuhi ile ya Agosti, na aliisimulia tena na tena, akiueleza woga wake kuwa woga na maneno aliyotangaza kuwa maneno aliyopewa ayatangaze.